Foto ya nyeupe na nyeusi: tuulize kwanza kioo gani kiliwekwa mbele ya aparei



Kuna neno lenye tumezoea kusikia: foto haidanganyi. Mutu analeta foto, anaiweka juu ya meza, na mabishano yanaisha. Tena kama ile foto iko ya nyeupe na nyeusi, ya filime, watu wanaiheshimu zaidi, sababu wanasema hakuna mutu aliichezea mu ordinatere. Mimi naona hapo njo tunapotea. Foto ya nyeupe na nyeusi inaweza kuficha jeraha. Inaweza kuficha moshi. Inaweza kuficha hata maneno yenye tuliandika kwa mikono yetu. Na mupiga foto hakugusa kitu kisha kupiga. Aliweka tu kioo kidogo cha rangi mbele ya aparei. Kile kioo kinaitwa filitre.

Nieleze kwanza vile inatumika. Filime ya nyeupe na nyeusi haichukui rangi. Inachukua paka mwanga. Fasi yenye ilitoa mwanga mwingi inatoka nyeupe mu foto, yenye ilitoa kidogo inatoka nyeusi, na katikati kuna rangi ya majivu ya kila namna. Sasa ukiweka filitre, inaacha mwanga wa rangi yake upite, na inazuia rangi zenye ziko mbali nayo. Filitre nyekundu inapitisha nyekundu, inazuia bulu na rangi ya majani. Kwa hiyo kitu chekundu kinatoka cheupe-cheupe, na mbingu ya bulu inatoka nyeusi. Filitre ya majani inafanya kinyume: majani yanang'aa, kitu chekundu kinakuwa giza. Filitre ya manjano iko na upole: inapunguza bulu kidogo tu, mawingu yanaonekana, na sura ya mutu haibadiliki sana.

Mutu mwenye alionyesha wazi nguvu ya ile filitre ni Ansel Adams, Mmarekani. Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda mulima mu Yosemite, kule California, kwenda kupiga foto ya ukuta mukubwa wa jiwe wenye unaitwa Half Dome. Alikuwa na aparei kubwa ya plaki za kioo, na plaki zilikuwa karibu kuisha. Kwanza alipiga na filitre ya manjano. Kisha akaona kama ile haitaonyesha ukubwa wenye alikuwa anausikia ndani ya roho. Akatoa ya manjano, akaweka nyekundu ya giza. Mbingu ikatoka karibu nyeusi kabisa, na lile jiwe likasimama peke yake kama ukuta wa kuogopesha. Jiwe lilikuwa lile lile, siku ile ile. Kilichobadilika ni kioo. Na Adams hakuficha: yeye mwenyewe alieleza watu filitre gani alitumia na sababu gani.

Mutaniuliza: mulima wa Amerika unatuhusu nini sisi wa Katanga? Unatuhusu sababu rangi za kazi yetu, nyekundu na majani, njo zile filitre inabadilisha zaidi.

Angalieni mawe yetu. Malakiti iko ya rangi ya majani. Udongo wetu uko mwekundu. Kwa macho, hata mutoto anaona fasi mushipa wa mawe unapita. Lakini piga foto ya nyeupe na nyeusi bila filitre: mara mingi nyekundu na majani zinatoka majivu moja, na ukuta wa kareri unakuwa sawa ukuta wa udongo tu. Weka filitre nyekundu: udongo unang'aa, malakiti inakuwa nyeusi, mushipa unaonekana sawa mustari wa makala. Weka filitre ya majani: sasa malakiti njo inang'aa, udongo unaingia giza. Heterojeniti yenye kobalti yenyewe iko nyeusi tangu mwanzo, na inabaki nyeusi mu filitre zote. Maana yake, mu foto ya filitre nyekundu, malakiti na heterojeniti zinafanana. Mutu mwenye hajui anaweza kubishana siku nzima juu ya ile foto, na hakuna mwenye atapata ukweli kama hawajui kioo kilikuwa cha rangi gani.

Hayo ni mawe. Tuje kwa watu.

Siku moja ya tarehe 1 Mei, kijana moja wa kwetu, mwenye kupenda sana filime, alipiga foto ya maandamano. Alitaka mbingu nzuri, na mawingu makubwa juu ya vichwa vya watu. Akaweka filitre nyekundu. Mbingu ilitoka nzuri kweli. Lakini kitambaa chetu kilikuwa cheupe, na tulikuwa tumeandika madai yetu kwa rangi nyekundu. Mu foto, kitambaa kilitoka cheupe tupu. Nyekundu na nyeupe zote zilipita mu filitre sawasawa, na maneno yakapotea. Ukiangalia ile foto leo, unaona watu wanatembea na shuka, hawaombi kitu. Kijana hakuwa na nia mbaya. Lakini kesho mutu mwingine mwenye nia mbaya anaweza kufanya vile vile, na hakuna sheria yenye atakuwa amevunja.

Jeraha ni jambo kubwa kupita hilo. Nyama yenye iko wazi, fasi yenye iliungua, damu: vyote viko vyekundu. Piga na filitre nyekundu, na vinatoka vyeupe-vyeupe, vinafanana na ngozi yenye kuwa pembeni. Jicho lenye kuwa jekundu juu ya vumbi linatoka safi. Piga na filitre ya majani, na wekundu wote unakuwa giza: jeraha linaonekana, na mupaka wake unaonekana. Mutu ni yule yule, na ajali ni ile ile. Foto moja itasema "amepona", ingine itasema "angalieni". Kama dosie ya mulipwaji wa ajali iko na foto moja tu ya nyeupe na nyeusi, mimi ningependa kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Na hewa yetu pia. Ule ukungu mwembamba wa bulu-bulu wenye unafunika vilima vya mbali, filitre nyekundu inaupunguza sana. Vilima vinatoka karibu, vya wazi, na mutu anasema: "Si munaona, hewa iko safi!" Vumbi nzito ya barabara ya makamyo, hiyo filitre haiwezi kuifuta. Lakini moshi mwembamba unaweza kupungua mu foto wakati uko bado mu vifua vya watu.

Kuna wenye watajibu: basi, tuache filitre zote, tupige foto bila kioo chochote, hapo tutapata ukweli mutupu. Ninaheshimu ile fikara, lakini si kweli. Filime yenyewe iko na macho yake. Inaona bulu kwa nguvu kupita vile sisi tunaiona. Njo maana bila filitre mbingu inatoka nyeupe kama karatasi na mawingu yanapotea. Plaki za zamani zilikuwa na macho mabaya kupita hapo. Za kwanza ziliona karibu paka bulu. Mwaka 1873, Hermann Vogel, Mjerumani, alipata namna ya kuzifanya zione pia rangi ya majani. Nyekundu ilikuja nyuma, na filime zenye kuona rangi zote zilienea kuanzia miaka ya 1920.

Sasa fikirini. Union Minière ilitoa shaba yake ya kwanza mu Lubumbashi mwaka 1911. Wakati ule plaki nyingi hazikuona nyekundu. Ngozi yetu ya kahawia inarudisha mwanga mwekundu zaidi kuliko bulu. Basi babu zetu, mu foto nyingi za wakati ule, wanatoka giza, hawana macho wala mashavu, na kando yao muzungu anaonekana wazi na kofia yake nyeupe. Watoto wetu wanaangalia ile giza na wanafikiri babu zao hawakuwa na sura. Walikuwa nayo. Plaki njo haikuona, na mupiga foto hakuipimia mwanga wao. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, mu kazi yake "Mémoire" ya mwaka 2006, alitoa wafanyakazi mu foto za zamani za nyeupe na nyeusi, akawasimamisha juu ya foto za rangi za viwanda vyenye kuharibika. Zile foto za zamani ni urizi wetu. Lakini urizi pia tunapaswa kujua kuusoma.

Wengine watasema: wewe unasumbuka na filime, leo kila mutu iko na telefone yenye rangi. Ni kweli. Lakini hata telefone inageuza foto kuwa nyeupe na nyeusi, na mule ndani kuna filitre zile zile, nyekundu na majani, zimetengenezwa kwa programu. Tofauti iko moja, na iko kubwa. Kama foto ya rangi yenyewe imechungwa mu telefone, mutu anaweza kurudi nyuma. Mu filime, hakuna kurudi. Filitre inakata shauri mbele ya kupiga. Mwanga wenye ilikatala haukufika hata siku moja mu filime, na hakuna labo wala chumba cha giza chenye kitaurudisha. Kwa hiyo mwenye kushika filime anapaswa kufikiri kwanza, kupita mwenye kushika telefone.

Mimi sisemi filitre ni uongo. Inaweza kutuonyesha kile macho ya filime hayawezi. Inafanana na mutu mwenye kusimulia: anachagua kile atapandisha na kile atashusha. Mutu mwaminifu anasema wazi amechagua nini. Hilo tu njo ninaomba.

Kwa hiyo ninaleta mashauri haya kwa sendika zetu, kwa vijana wenye kujifunza filime, na kwa familia.

Nyuma ya kila foto, muandike kwa kalamu ya karboni: fasi, tarehe, saa, na filitre. Kama hakukuwa filitre, muandike "bila filitre". Ni maneno mawili, hayaombi franga.

Jeraha lipigwe mara mbili: mara moja bila filitre, mara moja na ya majani. Zote mbili ziingie mu dosie pamoja. Mutu akileta ya filitre nyekundu peke yake, muikatale kwa heshima na mumuombe ingine.

Mawe na ukuta wa kareri vipigwe mara mbili pia, na ya nyekundu na ya majani. Foto mbili zikiwekwa kando-kando, mwenye kuziangalia anajua wapi malakiti, wapi udongo, wapi ile nyeusi ya kweli.

Chini ya ardhi, muache filitre. Filitre ya manjano inaomba mwanga mara 2, nyekundu inaomba mara 8. Foto yenye ungepiga kwa sehemu 1/125 ya segonde, na nyekundu utaipiga kwa 1/15, na mukono utatikisika. Mule mwanga tayari ni wa taa ya kichwa tu. Filitre itaumeza wote.

Kwa maandamano, muandike madai kwa rangi nyeusi juu ya kitambaa cheupe. Hakuna filitre yenye itayameza.

Na negatifu zibaki mu kabati la sendika. Foto ya karatasi tunaweza kuigawa, lakini negatifu ni ushahidi.

Mwisho, siku mutu ataleta foto ya nyeupe na nyeusi mbele yenu, iwe ni patron, iwe ni mugeni mwenye aparei ya bei kali, iwe ni sisi wenyewe wa sendika, musiogope kuuliza: "Ulipiga na kioo gani?" Kama ni mwaminifu, atajibu papo hapo. Kama anakasirika juu ya swali dogo kama hilo, basi muombe kwanza negatifu mbele ya kuweka mukono wenu chini ya karatasi yoyote.