Kadi ya Pacha, Majina Mawili



Juma hili tumepokea barua ya dada yetu wa Pwani anayekaa na mumewe Karurumo, upande wa Embu. Mwenyezi Mungu aliwajaalia pacha, binti na mvulana. Binti yu hai na ananyonya vyema. Mvulana aliishi siku tatu, akarejea kwa Mola wake. Sasa ataka kuwatumia jamaa kadi ya kuarifu uzazi, na wakubwa wamemshauri aandike jina la binti peke yake, kwani kadi ya furaha, wasema, haichanganywi na msiba.

Mwanangu, wakubwa wako wamesema kwa huruma, hawataki uumie. Lakini tazama litakalofuata. Jamaa walijua kuwa una mimba ya pacha. Wakipokea jina moja, kila mmoja atapiga simu kuuliza, "Na wa pili je?" Nawe utaieleza habari hiyo upya, kutwa kucha, hata arobaini yako iishe. Kadi iliyoandikwa vyema itakujibia.

Tena, mtoto aliyezaliwa hai ana haki zake: hupewa jina, huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa. Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Qasim angali mdogo, naye akabaki akiitwa Abul-Qasim, yaani Baba Qasim. Kifo cha mtoto hakikumwondoa katika jina la babake.

Basi kadi na iwe nyepesi. Chagua rangi moja iliyotulia, wala usiweke picha. Juu yake chora tawi moja lenye maua mawili yaliyolingana. Huko uliko, mkahawa hutoa ua jeupe lenye harufu inayokaribia asumini yetu, hilo latosha. Chini yake kila mtoto apate mstari wake, kwa herufi za ukubwa mmoja. Ukiandika tarehe ya Hijria, kumbuka kuwa siku yetu huanza jua likitua: aliyezaliwa alasiri na nduguye aliyezaliwa baada ya Magharibi wana tarehe mbili. Namba za vyeti vya kuzaliwa usizitie kamwe.

Maneno yaweza kuwa haya:

"Alhamdulillahi kwa kila hali. Mwenyezi Mungu ametujaalia pacha. Kurwa ni binti yetu, (jina lake), naye hajambo. Doto ni mwana wetu, (jina lake). Alikaa nasi siku tatu, kisha akarejea kwa Mola wake. Mama yu salama. Tuombeeni."

Kabla ya kuituma, wapigie simu mabibi na mababu, ili asiwepo mzazi wa kupata habari ya msiba katika karatasi. Akika ya binti ni mbuzi mmoja siku ya saba. Kuhusu aliyefariki kabla ya siku hiyo, wanavyuoni wamehitilafiana, basi muulizeni shekhe wenu.

Nanyi wasomaji mtakaoletewa kadi kama hii, msichague neno moja kati ya hongera na pole. Semeni yote mawili, na mtajeni kila mtoto kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu amkuze binti katika twaa, na amjaalie nduguye awe akiba ya wazazi wake Akhera. Amin.