Mwani, Sabuni na Bei ya Kilo

Toleo hili linawahusu wanawake wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba, na linafaa kuanza kwa kulipinga wazo lililojipenyeza karibu katika kila makala yake, kwamba mkulima huyo hukwama kwa kukosa elimu ya biashara. Tangu mwani ulipoanza kulimwa kibiashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, wanawake, ambao ndio wakulima walio wengi, wamepanga kazi zao kwa kufuata bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hupwa mbali, huku wakihudumia jiko, watoto na konde. Si rahisi kuamini kwamba watu hao wanahitaji kufundishwa kupanga muda.

Kinachowakwamisha ni bei. Mwani mkavu kwa sehemu kubwa huuzwa ng'ambo, ambako hukamuliwa karajinani, utomvu unaotumika kuipa uzito dawa ya meno na vyakula vya maziwa, na kwa miaka mingi mnunuzi amekuwa ndiye anayetoa kamba na vifaa, hivyo anayevipokea hana nguvu ya kuikataa bei yake. Spinosamu, aina ya mwani inayostahimili, hulipwa kidogo. Kotonii, aina nyingine yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto, na kuihamishia kwenye kina kirefu kunahitaji chombo na ujuzi wa kuogelea, vitu ambavyo wengi wao hawakupewa fursa ya kuvipata. Hapo ndipo penye haja ya mtaji, wala si katika semina nyingine ya kujaza daftari la mauzo.

Makala tatu zinaisifu sabuni ya mwani, na sifa hiyo ni ya haki, ila sabuni hutumia sehemu ndogo mno ya mavuno, na wateja wake wengi ni watalii, ambao hupungua msimu wao unapopita. Makala ya mikopo ya vikundi inajieleza yenyewe. Makala ya ushirika ndiyo ya kusomwa kwanza, kwa kuwa inatetea ghala la pamoja: mwani uliokauka vizuri hukaa muda mrefu bila kuharibika, na mwenye pa kuuhifadhi anaweza kumsubirisha mnunuzi.

Watakaoipinga hoja hii watapewa nafasi katika toleo lijalo, mradi waanze na bei ya kilo.