Imani Si Pambo
Mwaka 1992 Charles Taylor, mwanafalsafa wa Montreal, alishikilia kuwa kumnyima mtu utambuzi ni kumdhuru. Wengi waliomfuata wameifanya dini kuwa utambulisho tu, mithili ya vazi au lafudhi. Hoja yao haifiki Kingsview Village, Toronto, katika maghorofa ya Dixon Road wanamoishi Wasomali wengi. Mwislamu anayesujudu humo haiombi Kanada imtambue. Anashuhudia kwamba Mungu ni mmoja, na ushahidi huo ama ni kweli ama si kweli. Kumsifu muumini bila kuupima ushahidi wake ni kumfanya pambo. Taylor mwenyewe alionya kuwa sifa ya kushurutishwa ni dharau. Anayeipinga imani kwa hoja humheshimu mwenye imani kuliko anayempongeza bila kumsikiliza.