Edgar Wallace, Mtunzi wa Mdomo

NYUMA YA PAZIA
Na Zuhura Kombo

Edgar Wallace hakuwa mtu wa kuandika tamthilia; alizisema. Alikaa kitini na joho lake la nyumbani, kijiti kirefu cha sigara mdomoni, kikombe cha chai yenye sukari nyingi mkononi, akazungumza mbele ya mashine iliyonasa sauti kwenye silinda za nta. Silinda ikijaa ilipelekwa kwa karani wake, Robert Curtis, ambaye kasi yake kwenye taipureta ilikuwa gumzo, naye akaigeuza kurasa. Wallace alizipitia kwa kalamu mara moja, mara nyingine hata hiyo moja hakuipitia, na kazi ikaondoka nyumbani. Kwa mtindo huo alitoa vitabu zaidi ya 170, tamthilia zinazokaribia 20, mamia ya hadithi fupi na miswada ya filamu. Katika miaka ya 1920 ilidaiwa kwamba kati ya kila vitabu vinne vilivyosomwa Uingereza, kimoja ni chake. Dai hilo lilitoka kwa wenye kumuuza, na lichukuliwe hivyo.

Alizaliwa Greenwich, London, tarehe 1 Aprili 1875, mtoto wa waigizaji wawili ambao hawakuoana. Mama yake, Polly Richards, alikuwa katika kundi la kuzunguka na maonyesho. Baba alikuwa mtoto wa mwenye kundi. Mimba ilifichwa. Kichanga kikiwa na siku chache tu kilikabidhiwa kwa George Freeman, mpagazi wa soko la samaki la Billingsgate, na mkewe, waliokuwa tayari na watoto kumi. Akakua akiitwa Dick Freeman. Shule aliiacha akiwa na miaka 12 hivi, na kabla ya hapo alikuwa ameshauza magazeti pale Ludgate Circus. Alifanya kazi katika kiwanda cha mpira, akagawa maziwa, akaenda baharini na meli ya uvuvi akatoroka. Mwaka 1894 aliingia jeshini kwa jina la Edgar Wallace, jina la pili akilichukua kwa Lew Wallace, mtunzi wa riwaya ya Ben-Hur.

Jeshi lilimpeleka Afrika Kusini mwaka 1896. Huko alianza kutunga mashairi ya maisha ya askari, magazeti yakayachapisha, na mwaka 1899 akajinunua kutoka jeshini awe mwandishi wa habari, kwanza wa shirika la Reuters na kisha wa gazeti la Daily Mail la London, wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu.

Mwaka 1902, pande mbili za vita zilipokuwa zikijadiliana amani Vereeniging, waandishi walizuiwa kuikaribia kambi ya mazungumzo. Wallace alikuwa na rafiki askari aliyekuwa mlinzi ndani ya uzio. Kila siku alipanda treni iliyopita karibu na kambi, kwenda na kurudi, kama abiria asiye na haraka, macho dirishani. Askari yule alikuwa na leso za rangi mbalimbali. Leso nyekundu ilimaanisha hakuna jipya, buluu kwamba mambo yanasogea, nyeupe kwamba amani imepatikana. Siku askari alipopangusa pua kwa leso nyeupe, Daily Mail ikawa na habari kabla ya serikali kuitangaza. Jenerali Kitchener alimpiga marufuku asiwe tena mwandishi wa vita. Ukikisoma kisa hicho huku unazijua tamthilia zake za baadaye, unamwona mtunzi yuleyule: ishara moja ndogo inayoonekana na watu wote, na mmoja tu anayeijua maana yake.

Baada ya vita akawa mhariri wa kwanza wa gazeti la Rand Daily Mail la Johannesburg, akaishi maisha ya kifahari kuliko mshahara wake, akarudi London mwaka 1903 akiwa na madeni. Tamthilia yake ya awali, An African Millionaire, haikuacha alama. Mwaka 1905 alikichapisha mwenyewe kitabu cha The Four Just Men, akakipunguza sura ya mwisho na kuahidi zawadi ya jumla ya pauni 500 kwa wasomaji watakaogundua jinsi mauaji yalivyofanyika. Alisahau kuweka kikomo cha idadi ya washindi. Majibu sahihi yalimiminika, kitabu kikauzika kwelikweli, na mwandishi akabaki hoi kwa madeni hadi mwenye Daily Mail alipomkopesha. Kisa hiki watu hukisimulia kwa kucheka, lakini ni ufunguo wa maisha yake yote: alikuwa bingwa wa kuanzisha jambo, na kulikagua mara ya pili hakukuwa kwake.

Mwaka 1907 Daily Mail lilimtuma Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wakati dunia ilipokuwa imeanza kusikia juu ya watu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira. Makala alizotoa hazikuwa nyingi. Kabla ya mwaka huo kwisha akafukuzwa kazi kwa sababu ya kesi za kashfa zilizoligharimu gazeti. Alichokileta kutoka Kongo kilitoka baadaye kwa sura nyingine: hadithi za Sanders, mtawala wa kikoloni mtoni Afrika Magharibi, na chifu mjanja Bosambo, zilizoanza kuchapwa katika jarida mwaka 1909 na kukusanywa kitabuni mwaka 1911. Mtu aliyekwenda kuandika maovu ya utawala wa wageni alirudi kuujengea utawala wa wageni shujaa wake maarufu zaidi. Hadithi zimesukwa vizuri, tena zina ucheshi. Mwafrika ndani yake ni mtoto mtukutu anayesubiri kiboko.

Jukwaani alifika kwa kuchelewa. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika vichekesho na vipande vya maonyesho ya nyimbo, na mchezo wake M'Lady wa 1921 ulianguka vibaya. Mambo yaligeuka tarehe 1 Mei 1926, siku chache kabla ya mgomo mkuu wa wafanyakazi, The Ringer ilipofunguliwa katika ukumbi wa Wyndham's, London. Aliyeiongoza alikuwa Gerald du Maurier, mwigizaji na mwongozaji aliyekuwa na jina kubwa enzi hizo. Du Maurier aliupokea mswada wa Wallace, akaona kuna dhahabu chini ya takataka, akaupangua na kuupanga upya: hiki kitoke, hiki kije mapema, huyu asiseme hivi. Wallace, ambaye kwa kawaida hakukubali kurudia sentensi, alikubali yote, na kwa shukrani akamgawia mwenzake sehemu kubwa ya mapato yake.

Kisa chenyewe kinatokana na riwaya yake ya mwaka uliotangulia. Muuaji mmoja, bingwa wa kujibadilisha sura, amerudi London kulipiza kisasi cha dada yake kwa wakili Maurice Meister, mtu laini kwa nje na aliyeoza kwa ndani. Polisi wanajua atakuja, ila hakuna anayeijua sura yake. Kitabuni hila hiyo ni rahisi, maana msomaji anaona kile tu anachoonyeshwa. Jukwaani ni jambo la hatari: muuaji yuko hapo, mbele ya macho ya watu mia kadhaa, taa zinammulika, anazungumza, anavuta kiti akae, na hadhira inapaswa kumtazama saa mbili nzima bila kumtambua. Du Maurier alielewa kwamba mzigo huo hauwezi kubebwa na maneno. Unabebwa na mahali mwigizaji anaposimama, na nani anamwangalia nani mlango unapofunguliwa.

Cha Wallace mwenyewe kilikuwa lugha. Kisa kinakaa Deptford, mtaa unaopakana na Greenwich alikokulia, na humo yumo mwizi mdogo aitwaye Sam Hackitt, aliyetoka gerezani juzi, anayejibu maswali ya polisi kwa adabu ya mtu mwenye kitu mfukoni. Watazamaji wa London walicheka kwa sababu walimjua. Watunzi wengine wa jukwaa la London wakati huo waliwaandikia wezi maneno waliyoyawazia sebuleni. Wallace aliyaandika aliyoyasikia alipokuwa akiuza magazeti.

Baada ya hapo tamthilia zilifuatana kama mabehewa: The Terror mwaka 1927, The Squeaker, The Flying Squad na The Man Who Changed His Name mwaka 1928, The Calendar mwaka 1929, The Case of the Frightened Lady mwaka 1931. Si zote za kusimamia. The Calendar, inayohusu mbio za farasi, ina uhai kwa sababu mtunzi aliyajua maumivu yenyewe: alimiliki farasi, akawachezea kamari, na fedha iliyoingia kutoka Wyndham's ikaishia uwanjani. Nyingine alizigharimia mwenyewe kwa kukodi kumbi, na hasara ikawa yake.

Iliyo bora kuliko zote ni On the Spot. Mwaka 1929 alifika Chicago kwa muda mfupi, miezi michache baada ya watu saba kuuawa kwa risasi katika gereji Siku ya Valentino, akaonyeshwa mji wa magenge ya pombe haramu. Aliporudi aliisema tamthilia hiyo, kama inavyosimuliwa, kwa siku nne. Ilifunguliwa Aprili 1930, Charles Laughton akiwa Tony Perelli, jambazi mpenda muziki mwenye kinanda kikubwa nyumbani, anayepanga mauaji kwa sauti ya mtu anayeagiza chakula. Laughton, aliyekuwa na miaka 30, alimpa Perelli unene, ulaini na woga ambao haumo kwenye maneno peke yake. Mwaka huohuo ilichezwa New York, na Anna May Wong, nyota wa filamu wa asili ya Kichina, akacheza Broadway kwa mara ya kwanza.

Filamu zilimjia kwa mlango wa pembeni. Mwaka 1915 aliandika filamu bubu juu ya muuguzi Edith Cavell, aliyeuawa na Wajerumani mwaka huo. Mwaka 1927 kampuni ya British Lion ilimfanya mwenyekiti wake, ikapata haki za kazi zake, na katika studio za Beaconsfield akaongoza mwenyewe Red Aces na, sauti ilipoingia, The Squeaker mwaka 1930. Uongozaji wake ni wa mtu anayesubiri waigizaji wamalize kuzungumza. Marekani ilimtangulia kwa ujasiri: mwaka 1928 Warner Bros. waliigeuza The Terror kuwa filamu ya pili ndefu kuwa na mazungumzo mwanzo hadi mwisho, tena bila maandishi yoyote. Hata majina ya waigizaji yalitamkwa.

Oktoba 1931 aligombea ubunge Blackpool akashindwa kwa kura zaidi ya 33,000. Mwezi uliofuata akapanda meli kwenda Hollywood kuiandikia kampuni ya RKO. Huko mtayarishaji Merian C. Cooper alikuwa na wazo la sokwe jitu, na katika siku za mwanzo za Januari 1932 Wallace akatoa rasimu yenye wafungwa waliotoroka, kisiwa cha mijusi mikubwa na mnyama aliyeletwa New York kuonyeshwa kwa fedha. Rasimu hiyo ilikuwa ya kwanza tu, na kwa desturi yake ingekuwa ya mwisho. Safari hii haikuwa. Februari aliugua, kumbe kisukari kilikuwa kikimla muda mrefu bila kupimwa, juu ya vile vikombe vya chai, na homa ya mapafu ikamaliza. Alifariki Beverly Hills tarehe 10 Februari 1932, akiwa na miaka 56. James Creelman na Ruth Rose waliiandika upya hadithi nzima, na King Kong ilipotoka mwaka 1933 jina la Wallace liliwekwa pamoja na la Cooper kama wenye wazo. Cooper alidai baadaye kwamba hakuna kitu cha Wallace kilichobaki ndani yake, ila alimwahidi jina. Kazi inayomtambulisha kwa watu wengi leo ndiyo ambayo wengine waliisafisha zaidi.

Aliacha madeni makubwa, na mapato ya vitabu yakayafuta ndani ya miaka michache. Mwaka 1935 Zoltan Korda alitoa filamu ya Sanders of the River, Paul Robeson akiwa Bosambo. Miongoni mwa Waafrika waliokodiwa London kujaza picha alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyeishi mjini humo wakati ule. Robeson, alipoona jinsi filamu ilivyogeuka kuwa sifa kwa ukoloni, aliikana.

Wajerumani walimchukua moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1959 hadi 1972 kampuni ya Rialto ilitoa filamu 32 kwa jina lake, zenye ukungu, makasri na polisi wa Scotland Yard wanaozungumza Kijerumani. Katika nyingi kati ya hizo, kabla ya majina ya waigizaji, husikika milio ya risasi na sauti nzito ya mwanamume ikitangaza kwamba anayezungumza ni Edgar Wallace. Aliyekuwa akizungumza ni mwongozaji Alfred Vohrer.