Tusiukimbilie Mfumo Mpya, Wala Tusiulalie wa Kale

Swali limezuka shuleni petu, na sina shaka limezuka katika shule nyingi nchini: je, tuhamie mfumo endeshi mpya wa tarakilishi, au tubaki na ule tuliouzoea? Maadamu mimi ndimi niliyekabidhiwa funguo za maabara ya kompyuta, swali hilo limeninyima usingizi, nami naona si vibaya niwashirikishe walimu wenzangu na wanafunzi.

Kisa chenyewe ni hiki. Windows 10, mfumo uliozinduliwa mwaka wa 2015, uliachwa mkono na kampuni ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ikiwa mashine bado zawaka, tuna haja gani ya kuhama?" Ni kweli ziliwaka asubuhi iliyofuata kama kawaida, na hapo ndipo penye mtego. Kilichokoma ni viraka vya bure vilivyotolewa kila mwezi ili kuziba nyufa wanamopenyea wezi na virusi. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wenyewe hapa ni alama za wanafunzi, hesabu za karo na siri za wazazi waliotuamini.

Mrithi wake, Windows 11, alitoka Oktoba 2021, lakini ana masharti. Hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, kinga iitwayo TPM 2.0, na prosesa isiyo ya kale. Kwa zile za Intel, aghalabu kuanzia kizazi cha 8. Nilizikagua mashine 20 za maabara yetu, nyingi zikiwa zilikwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia. Sita tu ndizo zilizofuzu.

Wapo wasemao hizo 14 zitupwe na mpya zinunuliwe. Siafikiani nao. Usitupe mbachao kwa msala upitao, hasa pale ambapo watoto watatu wangali wakigombea kitabu kimoja. Wapo pia wasemao tukae kimya, mambo yatajipa. Hao nao siafikiani nao, kwani mwizi hangoji bajeti ya shule ipitishwe.

Ipo njia ya kati. Kwa taasisi za elimu, Microsoft ilipanga viraka vya ziada kwa dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu, hadi Oktoba 2028. Kwa mashine 14, jumla ni dola 98 kwa miaka yote mitatu. Bei hiyo haifikii hata thamani ya kompyuta moja mpya. Njia nyingine ni Linux, mfano Ubuntu, mradi ulioasisiwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Haulipiwi, na baadhi ya matoleo ya Linux hukubali mashine kuukuu. Hata hivyo, tusijidanganye: mwalimu atalazimika kujifunza upya, na hati zilizoandikwa kwa Word huenda zikavurugika mpangilio.

Rai yangu ni hii. Kwanza, kila shule izikague mashine zake moja baada ya nyingine. Pili, nakala za kazi zote zihifadhiwe kando kabla ya lolote kuguswa. Tatu, zilizofuzu zihamishwe wakati wa likizo, kamwe si mkesha wa mtihani. Nne, zilizosalia zilipiwe viraka, na mbili au tatu zijaribiwe Linux, wanafunzi wenyewe wakishiriki. Alama na rekodi za shule zikae katika mashine zenye kinga pekee.

Nanyi wanafunzi, msidhani elimu ya tarakilishi ni kukariri mahali kilipo kitufe. Vitufe huhama kila mfumo unapobadilika. Anayeelewa kazi ya mashine hatapotea njia, hata akabidhiwe mfumo asiowahi kuuona.