Mtoto aunde chesisi yake mwenyewe, asinunuliwe

Mradi wa CBC ukifika nyumbani siku hizi, wazazi wengi hukimbilia kwa fundi wa jua kali. Gari la waya linanunuliwa likiwa tayari, limepakwa hadi rangi. Mtoto analibeba shuleni, mwalimu anapiga picha, mambo kwisha. Huo ni wizi, na anayeibiwa ni mtoto.

Mimi ningependa wanafunzi wa Sekondari Msingi waunde vigari vya mfereji. Ni vile vigari vya umeme vinavyokimbia juu ya ubao wenye mfereji mwembamba. Huko Uingereza, Scalextric ilianza kuviuza 1957. Marekani nako, miaka ya sitini, wapenzi wa mashindano waliona vya dukani haviwatoshi, wakaanza kulehemu chesisi zao wenyewe kwa vijiti vya shaba na waya mgumu wa chuma.

Seti ya dukani ni ghali, sikatai. Lakini hebu tazama kinachohitajika hasa: waya mgumu, spoki ya baiskeli iwe ekseli, magurudumu ya kukatwa kwenye patipati kuukuu, mota na gia za plastiki kutoka deki ya DVD iliyokufa. Betri nne ndogo zinakupa volti 6. Mbele unaweka ulimi unaoingia mferejini, na kila upande wake nyuzi za shaba zinazogusa waya mbili zilizolazwa ubaoni. Umeme unapanda hapo.

Kazi iko kwenye chesisi. Ekseli ya nyuma ikienda upande hata kidogo tu, gari linavuta na kusugua mfereji. Chesisi ikipinda, gurudumu moja linaning'inia. Iweke juu ya kioo na utaliona mara moja. Uzito nao ukae chini, la sivyo kona ya kwanza gari linaruka nje. Wengine huongeza risasi, lakini hiyo ni sumu, afadhali washa za chuma. Halafu kuna mtego: chesisi ya chuma hupitisha umeme. Waya zako mbili zikiigusa zikiwa uchi, ni shoti, na betri zinakwisha bila gari kusonga hata inchi.

Najua kuna mzazi atasema mtoto atajichoma na pasi ya kulehemu. Kweli, inachoma. Basi iwe moja kwa darasa zima, na mwalimu asimame hapo hapo. Walimu nao wana lao: darasa lina wanafunzi wengi, muda hautoshi. Sawa, wagawe makundi ya watano watano, chesisi moja kwa kundi, muhula mzima.

Alama zisitolewe kwa rangi wala kwa mwendo kasi. Mwalimu aulize swali moja tu: mbona liliruka pale konani? Aliyenunuliwa hana jibu. Aliyeunda atakuonyesha kwa kidole palipopinda, pengine na chesisi ya pili ameshaanza.