BETRI HAIFI, INAUAWA

Ndugu wanaushirika,

Katika kikao kijacho tutaulizwa jambo moja: tutoe fedha za mauzo ya mawese tununue betri mpya za sola za zahanati na darasa la kisomo, au tusitoe? Sisi tunasema zitolewe, lakini zisitolewe kabla hatujachagua watunza betri na kuwapa daftari. Bila hivyo tutakuwa tunanunua betri kila mwaka kama tunavyonunua viberiti.

Wapo wanaosema betri za siku hizi ni feki. Kweli, feki zipo. Lakini nyingi hazifi zenyewe, zinauawa. Hebu tuhesabu, maana hesabu hii kila aliyepita kisomo anaiweza.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Hiyo si ruhusa ya kuzimaliza! Betri ya risasi na tindikali inataka itumike nusu tu, yaani 600, kisha ijazwe tena. Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 5 ni wati-saa 100. Simu 10 ni kama 100 nyingine. Hapo akiba ipo, hata kesho kukiwa na mawingu. Sasa aje mtu achomeke spika ya harusi ya wati 150 kwa saa 4: zile 600 zimekwisha, na usiku ule ule mama anajifungua zahanati kwa tochi ya simu. Tunauliza: harusi ni ya nani na giza ni la nani?

Tena wapo wanaotaka betri ya gari kwa kuwa bei yake ni nafuu. Jamani, betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini mara moja, basi. Bamba zake ni nyembamba. Kuinyonya usiku kucha ni sawa na kumtwisha mkimbiaji gunia la dagaa mpaka Ujiji. Tununue za sola, zenye bamba nene.

Kazi ya watunza betri si ngumu:

1. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda na vyombo vyote vikiwa vimezimwa, wapime volti na kuandika. 12.7 imejaa. 12.2 ni nusu. Ikifika hapo, matumizi yapunguzwe.

2. Kila mwezi watazame maji. Yakipungua waongeze maji maalumu ya betri yasiyo na chumvi, bamba zifunikwe. Maji ya ziwa hapana, hata yaonekane safi namna gani. Asidi nayo hapana. Dukani waseme wazi wanataka maji, si asidi.

3. Vichwa vya betri visafishwe na kupakwa grisi. Chumba kiwe na madirisha, karabai na sigara zikae nje, maana betri ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

4. Fundi akifunga, betri iunganishwe na kontrola kwanza, paneli baadaye. Akifungua, paneli itangulie kutoka. Fyuzi iwe karibu na betri.

Ndugu wavuvi wa dagaa, nanyi mnahusika. Wakati wa mbalamwezi mitumbwi inapumzika na betri za taa zinatupwa kibandani zikiwa tupu. Betri tupu ikilala siku nyingi, bamba zake hugandiwa na chumvi, haishiki chaji tena. Ijazeni kwanza, ndipo mpumzike.

Liko jambo zito kuliko yote. Betri iliyokwisha isipasuliwe nyumbani ili kuyeyusha risasi ya kuzamishia nyavu. Moshi na vumbi la risasi huharibu akili za watoto, na akili ikiharibika hairudi. Huko Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 kikafungwa 2014, na watoto walikutwa na risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea mahakama za juu. Fidia haimrudishii mtoto akili. Betri zetu chakavu zikusanywe ghalani, zisimame wima, zipelekwe mjini kwa wanaozinunua kihalali.

Basi tunapendekeza hivi: mama mmoja na kijana mmoja kutoka darasa la kisomo wachaguliwe. Ufunguo wa kasha la betri wakae nao wao. Asiyeandikwa kwenye daftari asichomeke kitu, awe mwenyekiti, awe katibu, awe bwana harusi. Kila mwezi daftari lisomwe mbele ya wote.

Mali ya wote isiyo na mtunzaji ni mali ya mharibifu. Njooni kikaoni tupige kura.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji